Kutoka Kichuguu hadi Gogo: Safari Ndefu ya Uyoga wa Kupandwa

Wakulima wa kwanza wa uyoga katika nchi hii walikuwa mchwa. Mwaka 2016 timu ya wanasayansi iliyoongozwa na Eric Roberts ilitangaza vichuguu vilivyogeuka mawe katika Bonde la Ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Ndani yake vilikutwa vitalu vya kuvu, vya namna ile ile ambayo mchwa wanaitunza hadi leo, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka milioni 25. Wakati huo hapakuwa na bustani ya kuvu ya kale zaidi iliyowahi kuonekana popote duniani.

Kazi ya mchwa ni rahisi kuieleza na ngumu kuiiga. Hukata nyasi kavu na mbao, huzimeng'enya nusu nusu, kisha kwa kinyesi chao hujenga sega ndani ya kichuguu. Juu ya sega hilo huota kuvu ambayo wataalamu wanaiita Termitomyces. Kuvu huvunja kile ambacho tumbo la mchwa halikiwezi, nao mchwa hula sega lililolainika. Mvua zikikolea, kuvu hupeleka mzizi mrefu hadi juu ya ardhi na kufungua mwavuli. Ndugu mmoja wa kuvu hiyo, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia, huweza kufungua mwavuli unaokaribia upana wa mita moja.

Aliyekulia kwenye kibanja, shamba la migomba la Wahaya wa Kagera, iwe Maruku, Kamachumu au Ihangiro, hahitaji kufundishwa habari hizi. Anajua kichuguu kipi kando ya migomba huamka masika na kipi huamka vuli. Anajua kwamba asubuhi ya leo ukiona vichwa vidogo vimepasua udongo, kesho usipowahi utakuta mabua yaliyokatwa na mwingine, au mwavuli uliokwisha kuliwa na funza. Mkoa wa Kagera una bahati ya mvua: Bukoba mjini hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na kadiri unavyoliacha Ziwa Victoria kuelekea Karagwe mvua hupungua hata nusu yake. Ukanda wa ziwa ni nchi ya uyoga kwa maumbile yake. Ng'ambo ya mpaka, Buganda, uyoga umeingia mpaka kwenye koo: ukoo wa Butiko una uyoga kuwa mwiko wake, na ndio wenye ngoma ya amaggunju iliyokuwa ikichezwa ikulu mbele ya Kabaka.

Lakini huo wote ni uyoga wa kuokota. Hakuna aliyeweza kumpokonya mchwa ufundi wake. Hadi leo Termitomyces haijakubali kupandwa kibiashara bila mchwa. Uyoga ambao binadamu aliweza kuupanda kwanza ni ule unaokula mti mfu, na ndiyo maana historia ya uyoga wa kupandwa ni historia ya miti: nani alikuwa nayo, aliifanyia nini, na iliisha lini. Kwa jicho hilo Kagera ina hadithi yake, na hadithi hiyo inaanzia kwenye tanuri la chuma.

Kijiji cha Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba, kilikuwa kikijulikana kwa mti mkubwa ulioitwa Kaiija na kwa simulizi za mfalme Rugomora Mahe na wafua chuma wake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa hapo, akachimba pale walipomwonyesha. Chini ya ardhi kulikuwa na mabaki ya tanuri, mkaa, na takataka za chuma za zamani kuliko mfalme yeyote anayekumbukwa kwa jina. Tarehe za mwanzo kabisa bado zinajadiliwa, kwani baadhi ya vipimo vinafika zaidi ya miaka 2,500 nyuma, ila hakuna anayebisha kwamba karne za mwanzo za enzi hii pwani ya magharibi ya ziwa ilikuwa ikiyeyusha chuma kwa wingi. Wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo walikubali kujenga tanuri upya na kuyeyusha mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wakauelezea ufundi huo katika jarida la Science.

Aliyetaka chuma alihitaji mkaa, na aliyetaka mkaa alihitaji msitu. Chavua zilizokusanywa kwenye matope ya kale zinaonyesha misitu ikipungua na nyasi zikiongezeka. Mandhari ambayo mgeni anaikuta leo anapotoka Bukoba kwenda Muleba, vijiji vya kijani vya migomba vikiwa kama visiwa katikati ya rweya, nyika ya nyasi fupi juu ya udongo mchovu, haikuumbwa hivyo siku moja. Imetengenezwa na mvua zinazosomba rutuba, na moto, na shoka, kwa karne nyingi. Mhaya aliijibu hali hiyo kwa kujenga udongo: alikata nyasi za rweya akazitandika kibanjani, akachanganya na samadi ya ng'ombe, na mahali pamoja pakazaa vizazi kwa vizazi. Miti aliyoibakiza ndani ya kibanja ilikuwa na kazi maalumu, wa kivuli kwa mibuni, wa nguo za magome, wa nguzo za mushonge, nyumba ya asili. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo sababu ya huku kutokuwa na desturi ya kale ya kupanda uyoga kwenye gogo. Kichuguu kilitoa bure, na gogo zuri halikuachwa lioze.

Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba Novemba 1890, akiwa pamoja na Franz Stuhlmann, mtu wa kukusanya kila kitu: mimea, wadudu, maneno. Mizigo ya mimea ilipelekwa Berlin. Mwaka 1895 Adolf Engler alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, na humo msizi, ule mti mrefu wa kukua haraka unaojulikana kuanzia Kagera hadi Uganda na Congo, ukapewa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin, ambaye wakati huo alikwisha uawa huko Congo. Katika kazi hiyo hiyo Paul Hennings aliorodhesha kuvu za Afrika Mashariki. Mti na kuvu wake vikaandikwa pamoja kwa Kilatini. Nani anakula uyoga upi, na unapikwaje, hayo yalibaki kwa akina mama kwa miaka karibu mia zaidi.

Wakati wafua chuma wa ziwani wakikata miti kwa ajili ya mkaa, katika milima ya kusini mwa mkoa wa Zhejiang, China, watu walikuwa wakiikata kwa ajili ya uyoga. Masimulizi ya huko yanamtaja Wu Sangong, mkulima wa karne ya 12 kutoka Qingyuan. Inasemekana aliona kwamba gogo lililokatwa-katwa magome yake kwa shoka hutoa uyoga mahali pale pale penye jeraha, na penye jeraha la kina fulani hutoa zaidi. Iwe ni yeye au ni wengi waliokusanywa katika jina moja, ufundi huo ulikuwepo kwa hakika, kwa kuwa Wang Zhen aliuandika katika kitabu chake cha kilimo mwaka 1313. Alieleza mti unavyoangushwa, unavyotiwa alama za shoka, unavyofunikwa na kumwagiwa maji yaliyooshea mchele, na baada ya muda unavyopigwa kwa rungu ili uyoga ushtuke na kutoka. Ukisoma leo unaweza kudhani ni ushirikina. Sivyo. Wakulima wa sasa wa shiitake, ambao ndio uyoga ule ule, bado huligonga gogo au kulizamisha kwenye maji baridi, na uyoga hutoka ndani ya siku chache.

Watu wa Qingyuan, Longquan na Jingning waliishi kwa ufundi huo. Kila majira ya baridi wanaume walihama kwenda kwenye misitu ya mikoa mingine, wakalala vibandani milimani, wakarudi nyumbani wakati wa kulima mpunga. Walikuwa hata na lugha yao ya siri, ili mgeni asidokoe ujuzi. Kitu ambacho hawakukijua ni mbegu. Walitegemea upepo ulete spora za uyoga kwenye majeraha ya gogo, na upepo haukuwa na ahadi.

Japani walianza hivyo hivyo. Huko Oita, kisiwa cha Kyushu, inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 mchoma mkaa aliyeitwa Genbei aliona uyoga umeota kwenye magogo aliyoyasahau. Napenda kwamba ni mchoma mkaa. Mtu wa kazi ile ile iliyokula misitu ya Katuruka ndiye aliyeona kuwa gogo lina faida nyingine. Kwa zaidi ya miaka 200 wakulima wa Oita walichanja magogo kwa panga na kungoja. Mwaka mzuri ulijenga nyumba. Mwaka mbaya ulichukua shamba, kwa maana wengi walikopa fedha za kununulia miti. Katika miaka ya 1930 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Kisaku Mori, alifika huko akakuta mzee amepiga magoti mbele ya magogo yake, anayaomba yatoe uyoga. Mori aliondoka na picha hiyo moyoni. Akakaa maabara miaka kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alifanikiwa kuotesha utando safi wa shiitake ndani ya vipande vidogo vya mti. Mkulima alitoboa tundu, akakigongelea kipande kile, akafunika. Toka siku hiyo gogo likawa na mbegu yake, kama ilivyo kwa mahindi na maharage.

Ulaya nayo ilifika kwenye gogo, ila ilisukumwa na njaa. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili, wakaubomoa mnara wa redio wa Wajerumani, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata waliikalia kabisa. Huko Ujerumani kwenyewe, majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Uingereza, watu waliponea mizizi iliyokuwa ya kulishia mifugo. Mwaka huo wa 1917 mtaalamu wa kuvu Richard Falck alionyesha kwamba uyoga wa Pleurotus unaweza kupandwa kwenye visiki na magogo ya misitu, chakula kutoka kwenye kitu ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa chakula. Falck alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 alilazimika kuikimbia nchi aliyoitafutia chakula, akafariki Marekani mwaka 1955. Uyoga aliouotesha ni wa jamii ya huu ambao sisi tunauita mamama, unaouzwa leo katika masoko ya Arusha, Moshi, Dar es Salaam na Bukoba.

Kwetu, uyoga ulichukua muda kuingia kwenye vyumba vya utafiti. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Marja Härkönen wa Helsinki walizunguka vijiji vya Tanzania wakiuliza wanawake wanachuma nini na wanaacha nini. Mwaka 2003, pamoja na Tuomo Niemelä, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, unaolika na wenye sumu. Ujuzi wa kichuguuni hatimaye uliwekwa kwenye rafu ya maktaba, ukiwa na picha.

Mwaka huo huo Amelia Kivaisi na wenzake wa Dar es Salaam waliandika jambo linalogusa ziwa moja kwa moja. Magugu maji yalikuwa yameingia Ziwa Victoria kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, na njia yao mojawapo kubwa ilikuwa mto Kagera, ukiyashusha kutoka Rwanda. Wavuvi wa Bukoba na wa visiwa vya Muleba wanakumbuka mialo iliyozibwa, nyavu zilizokwama na mitumbwi isiyotoka. Watafiti hao waliyakausha magugu, wakapanda uyoga mamama juu yake, na uyoga ukaota. Baadaye, mwaka 2008, Anthony Mshandete na Janet Cuff walieleza uyoga wa asili wa Tanzania uliopandwa kwenye mabaki ya mkonge. Mwelekeo ulikuwa wazi: tusitafute mti, tutafute taka. Kituo cha Tengeru, Arusha, kilifundisha wakulima kwa mtindo huo, na Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mwani, alikuwa miongoni mwa waliohubiri barani Afrika kwamba taka za mashambani ni shamba jipya.

Kagera taka hiyo ina jina: jani kavu la mgomba. Utaratibu wa mifuko sasa unajulikana. Majani hukatwa vipande vya vidole viwili, yakalowekwa usiku kucha, yakachemshwa au kufukizwa kwenye pipa kwa saa moja na nusu hadi mbili, yakapozwa, yakashindiliwa kwenye mfuko wa nailoni kwa tabaka, jani, mbegu, jani, mbegu. Mfuko unakaa chumba cha giza wiki tatu au nne hadi uwe mweupe wote, kisha unatobolewa na kupelekwa kwenye banda lenye hewa na unyevu. Uyoga wa kwanza huvunwa kabla ya mwezi wa pili kuisha. Kwa anayetaka fedha ya haraka hakuna njia inayoishinda.

Ina gharama mbili ambazo hazisemwi sana mafunzoni. Kwanza ni kuni. Pipa la lita 200 halichemki kwa maneno, na mwanamke wa Muleba anayetembea mbali kutafuta kuni za kupikia matoke anaambiwa atafute nyingine za kuchemshia majani. Pili, jani la mgomba si taka hata kidogo kibanjani. Ndilo tandazo, ndilo rutuba inayorudi, na ukilitoa kila wiki umeukopa udongo. Kisha mnyauko bakteria wa migomba ulipoibuka Kagera, ukaripotiwa kutoka Muleba mwaka 2006, familia nyingi zilijifunza kwa machungu kuwa na uangalifu na kila kinachotoka kwenye mgomba na kila kisu kinachougusa. Anayetumia majani ayachukue kibanjani kwake, na mabaki ya mifuko ayarudishe hapo hapo.

Na gogo? Wachina wenyewe walifika mahali wakaogopa. Fujian, mkoa unaopakana na Zhejiang, misitu ya miti migumu ilikuwa ikiisha kwa ajili ya uyoga, na mwaka 1986 Lin Zhanxi alifaulu kupanda uyoga wa miti juu ya nyasi zilizosagwa. Wakauita ufundi huo Juncao. Umefika jirani kabisa na sisi: kituo cha kilimo cha China kilichoko Huye, kusini mwa Rwanda, kimewafundisha Wanyarwanda kupanda uyoga kwa nyasi. Nikitazama rweya, nyasi upeo wa macho, naona kwamba ufundi huo unastahili kujaribiwa Bukoba kwa dhati.

Hata hivyo gogo halikufa. Oita waliliokoa kwa kuotesha tena kila walichokikata. Mti wao, kunugi, ukikatwa huchipua kisikini, na baada ya miaka kama 15 uko tayari kukatwa tena. Msitu wake unashika maji yanayojaza mabwawa ya mpunga, na gogo lililokwisha kazi huwa mbolea. FAO iliuweka mfumo huo kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2013, na Qingyuan ya Wu Sangong ikafuata mwaka 2022. Kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kilikuwa kimetangulia kutambuliwa mwaka 2011. Anayekijua kibanja hatashangaa kukuta kihamba na msitu wa Oita katika kundi moja: miti juu, chakula chini, na rutuba inayozunguka papo hapo.

Kwa hiyo ua wa nyumba ya Miembeni, katikati ya manispaa ya Bukoba na ziwa likiwa jirani, si mahali padogo mno kwa ufundi huu. Mti mmoja ukipogolewa unatosha. Mwembe, mparachichi, mfenesi, mkuyu, yote ina mbao ambazo kuvu ya mamama inazila. Mkaratusi pia unafaa, na hili ni la kutiliwa maanani Kagera ambako mikaratusi imepandwa kote kwa nguzo na kuni: Brazil, wakulima wa shiitake hutumia magogo ya mkaratusi kama jambo la kawaida. Paini uachwe, utomvu wake unaizuia kuvu.

Tawi likatwe likiwa hai na zima, nene kama paja la mtoto, sentimita 10 hadi 15, urefu wa mita moja ili mtu mmoja aweze kulibeba. Gome lisichubuliwe, kwani ndilo ngozi inayoshika unyevu na kuzuia kuvu ngeni. Liachwe kivulini wiki mbili hivi ili chembe hai za mti zife, lisizidi mwezi, maana kuvu za porini nazo zinalitafuta. Halafu keekee. Tundu moja lina kina cha sentimita mbili na nusu, linafuatwa na lingine sentimita 15 mbele kwenye mstari huo huo, na mstari wa pili unakaa vidole vitatu au vinne pembeni, matundu yake yakiangukia katikati ya yale ya jirani. Mbegu iliyooteshwa kwenye maranda laini hushindiliwa kwa kijiti hadi tundu lijae, isiachwe nafasi ya hewa. Juu yake nta. Nta ya nyuki wa Biharamulo au Ngara iyeyushwe kwenye kopo na ipakwe kwa brashi ikiwa bado moto. Ikipoa kabla ya kukaa sawasawa itabanduka, na tundu lililo wazi hukauka au huliwa.

Baada ya hapo adui mkubwa ni yule yule mkulima wa Rukwa. Gogo likilala juu ya udongo wa Kagera, mchwa watalichukua ndani ya wiki chache, nao hawali nusu. Liinuliwe juu ya mawe au matofali, lipangwe kivulini mwa migomba au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Jivu kavu kuzunguka mawe husaidia, na kulikagua kila baada ya siku chache husaidia zaidi. Kuku nao wanapenda vichwa vichanga vya uyoga, kwa hiyo wavu. Katika miezi mikavu, Juni hadi Agosti, gogo limwagiwe maji kila wiki. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati ni bora kuliko ya bomba yaliyotiwa klorini nyingi.

Kwa miezi mingi hakuna kinachoonekana. Halafu kwenye ncha zilizokatwa hujitokeza duara jeupe, dogo kama sarafu, likipanuka hadi kuufunika uso wote wa mti. Hiyo ni habari njema: utando umepita kati toka tundu hadi ncha. Kwa mamama huchukua nusu mwaka hadi mwaka mzima, kutegemea mti. Linapokuwa tayari, lizamishwe kwenye pipa la maji siku moja na usiku wake, litolewe, lisimamishwe kivulini. Ligongwe pia kwa rungu kama Wang Zhen alivyoandika, halitadhurika. Vichipukizi huja vikiwa vya kijivu, vimebanana, kisha ndani ya siku tano au sita vinakuwa sahani. Vivunwe kabla ukingo haujaanza kupinda kwenda juu, kwa kuzungusha shina lote kwa mkono.

Gogo hutoa mara mbili au tatu kwa mwaka, msimu wa mvua zaidi. La mti laini hudumu miaka miwili, la mti mgumu hufika minne na zaidi. Mavuno ya gogo moja hayalingani na ya mifuko, na mtu asidanganywe kwamba atajenga nyumba kwa magogo kumi. Lakini hayakuchoma kuni za pipa, hayakununua nailoni, na gogo likiisha nguvu, likawa jepesi na la kusagika mkononi, linarudi chini ya migomba.

Jambo la kushika ni moja katika kula: usile usichopanda. Gogo la nje hualika wageni, na baadhi ya uyoga wa miti unaofanana na mamama una sumu. Ukitokea wenye rangi ya chungwa au harufu usiyoizoea, ng'oa, tupa, na unawe mikono. Akina mama waliochuma uyoga wa vichuguu miaka yote waliishi kwa kanuni hiyo hiyo ya kuchuma wanachokijua tu.

Kikwazo halisi kwa Miembeni leo ni mbegu. Mbegu inayopatikana madukani na kwenye vituo imetengenezwa kwa ajili ya mifuko, nayo huoteshwa kwenye punje za mtama au ngano. Inafanya kazi kwenye gogo, ila panya na sisimizi huinusa kupitia nta. Dawa ni kuchukua chupa moja ya mbegu ya mtama na kuizidisha nyumbani kwenye maranda ya mkaratusi yaliyofukizwa, kiasi kidogo kinachoingia sufuria ya kawaida, na kungoja wiki tatu hadi nne yawe meupe. Mafundi seremala wa Bukoba wanayachoma maranda hayo au kuyatupa. Anayeanza Septemba, mvua za vuli zikikaribia, na matawi yaliyopogolewa mwezi huo huo, atategemea uyoga wake wa kwanza masika yanayofuata, na gogo likichelewa, vuli ya mwaka wa pili.